Kaseti Iliyotoka Kalenga

Ipo asubuhi moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka nacheka peke yangu, mwanangu, na wajukuu wananitazama wakidhani akili zimeanza kuniaga. Ilikuwa miaka ya sabini, Mbeya, kwenye wodi ya wagonjwa wa akili. Baridi ya mwezi wa saba ilikuwa inakata masikio, nami nimepakata radio ya kaseti kama mtoto wa kuazima. Nakusimulia kwa sababu juzi ulikuja hapa umenuna. Ulisema umeanzisha kundi mtandaoni la wenzako mnaotibu watu kwa kuchora, kuimba na kucheza, mmetawanyika kila mkoa, na sasa kundi limepooza. Unaandika, hakuna anayejibu, na unataka kulifunga. Usilifunge kwanza. Jimiminie chai, ipo kwenye chupa.

Hata sisi tulikuwa na kundi. Usinitazame hivyo. Tulikuwa wauguzi wanne tuliosoma pamoja tukapangiwa kazi mbalimbali: mimi Mbeya, Zuhura Iringa mjini, Ambakisye Chunya na Veronika Njombe. Kila mmoja kwa wakati wake alikuwa amegundua kwamba mgonjwa aliyekataa dawa na maneno anaweza kukubali udongo wa kufinyanga, au ngoma. Jina la kazi hiyo hatukulijua, na wakubwa wetu waliiita michezo. Simu ilikuwa shida, basi tukawa tunatumiana kaseti. Unarekodi sauti yako, unaifunga kaseti kwenye kitambaa, unampa dereva wa basi, naye anaifikisha. Betri zikichoka unazianika juani, zinapata nguvu kidogo, unaendelea.

Hapo mwanzo tulihutubiana tu. Ambakisye alijaza upande mzima wa kaseti akieleza jinsi udongo unavyowatuliza wachimba dhahabu waliochanganyikiwa, hata pumzi havuti. Mimi nikamjibu kwa hotuba yangu, maana na mimi nilijiona najua. Veronika akaacha kutuma. Zuhura, ambaye wazee wake walitoka pwani na mdomo wake hauna breki, alirekodi maneno machache tu: "Jamani, mnaongea vizuri, ila mimi nimelala." Nilikasirika siku mbili tatu, kisha nikamsahau.

Ndipo akaletwa Mama Polikapi. Alikuwa Mhehe wa upande wa Kalenga, amekuja Mbeya kumuuguza mwanawe Polikapi aliyekuwa na kazi huku. Kijana akafariki, wakamzika, na mama akanyamaza. Ukimpa uji anakunywa kidogo, ukimsalimia anakupita kwa macho. Kitu kimoja tu alifanya. Kila asubuhi alikaa kwenye ngazi za wodi, akaimba kipande kifupi kwa Kihehe, akanyamaza, akageuza shingo upande, akaimba kipande kingine. Tulimwita mama mmoja Mhehe aliyekuwa akiuza viazi mlangoni. Alisema ni wimbo wa wanawake wanapokwenda kukata milulu, yale majani ya kusukia vikapu, lakini ni wa kijijini kwa Mama Polikapi, na yeye mwenye viazi hakuwahi kuuimba. Daktari wetu, mtu mwema mwenye wagonjwa wengi kuliko vitanda, alisema akili imekatikakatika, na mwisho wa mwezi tumpeleke hospitali kubwa, mbali, ambako hakuwa na ndugu hata wa kumletea ndizi. Wengi waliopelekwa huko hatukuwaona tena. Niliumia, mwanangu. Nilikuwa nimeshampenda yule mama.

Basi nikamrekodi. Safari hii sikuhutubia. Nikaeleza kwa kifupi habari za Polikapi, nikawaachia wenzangu ule wimbo, na mwisho nikasema, "Mimi nimekwama. Mwenye wazo anisaidie." Kaseti ikapanda basi kwenda Iringa.

Ilirudi mwisho wa mwezi ukiwa umekaribia. Niliisikiliza jikoni kwangu kwanza. Zuhura alianza kwa salamu ya Kihehe, akiniita ndugu kwa lugha nisiyoijua, kwa makusudi ya kunichokoza.

"Kamwene, mnyalukolo. Atupele, umemrekodi mama wa watu nusu. Huyo hajakatika maneno. Anaita, ananyamaza, anasubiri aitikiwe, nyie huko mnamtumbulia macho tu. Nimekwenda mpaka Kalenga na kaseti yako. Wamemlilia Polikapi, maana msiba ulikuwa haujawafikia. Walipomaliza kulia wakaimba. Mpigie asikie. Nafasi zake wamemwachia, na wewe usithubutu kuongea hapo."

Ndiyo hiyo asubuhi ninayokuambia. Nilikaa naye kwenye ngazi, nikabonyeza. Zikatoka sauti za wanawake wengi, nzito na za furaha, wakaitikia mara moja, kisha kimya. Kaseti inazunguka, inakwaruza tu. Mama Polikapi aliitazama ile radio kama kitu kilichomtukana. Wanawake wakaitikia tena, kikaja kimya kingine. Mkono wangu ulitaka kuzima. Daktari alikuwa amesimama mlangoni na sikupenda aone nikishindwa.

Kimya cha tatu kilipofika, mama akaita. Sauti haikuwa ile ya kila siku, ilitoka tumboni. Na Kalenga ikamwitikia. Akaita tena, wakaitikia. Wagonjwa wengine wakaanza kusogea, Wasafwa, Wanyakyusa, Msukuma mmoja wa Usangu aliyependa kupiga makofi, na hata bila kujua Kihehe wakadaka ule mwitikio. Kila mtu alikuwa anaimba kwa matamshi yake, vurugu tupu, tamu ajabu. Katikati ya wimbo kaseti ikaitikia kabla mama hajamaliza kuita. Akanigeukia, akasema kwa Kiswahili safi kabisa:

"Hawa nao, haraka yao ileile. Huyo anayewahi mbele ni wifi yangu Dorotea."

Nilicheka mpaka nikalia, na nililia kweli. Daktari alikaa kwenye ngazi pamoja nasi, na koti lake jeupe, akamuuliza, "Dorotea ni nani, mama?" Akaambiwa habari za Dorotea hadi uji ukapoa. Ile safari ya mbali haikutajwa tena. Wifi mwenyewe alifika kwa basi kumchukua, na kweli alikuwa mtu wa haraka, alianza kusalimia akiwa bado hajashuka.

Na kundi letu, mwanangu, lilifufuka siku hiyo. Ambakisye alituma mlio wa ngoma na kimya katikati, tukijaze sisi kwa ngoma zetu. Veronika akarudi na hadithi aliyoiachia njiani ili wagonjwa wangu waimalizie. Kaseti zikawa zinapishana njiani, na dereva wa basi akauliza kama tunafanya biashara.

Jana nilimwambia mjukuu anisomee yale unayoyaandika kwenye kundi lako. Ni mazuri, na yamekamilika. Yamekamilika mno. Mtu akishayasoma hana pa kuweka mkono. Wenzako hawakukuchoka, wamekosa nafasi ya kuingia. Kwa hiyo leo usiwafundishe kitu. Wapelekee nusu ya mchoro. Waambie habari ya mgonjwa aliyekushinda, useme wazi kwamba umekwama, halafu nyamaza. Kimya hicho kitakuwasha, najua, hata mimi kiliniwasha pale kwenye ngazi. Kivumilie. Usikijaze kwa maneno mengine kwa sababu tu unaogopa. Na akijibu mmoja tu, mwitikie huyo kwa furaha kama umejibiwa na Iringa nzima.

Haya, inuka uende, giza lisikukute njiani. Mungu akupe ujasiri wa kuita na subira ya kunyamaza. Akupe watu wa kukuitikia, wengi, wa kila mkoa na kila namna ya matamshi, na asikunyime hata mmoja wa kukuwahi kama Dorotea.