Gauni la Harusi la Mama

Madam wangu hapa Al-Malqa, mtaa wa ng'ambo ninakofanya kazi za ndani, amenunua gauni jeupe la Kiingereza, la zaidi ya miaka mia moja, lesi na maua yake yote yameshonwa kwa mkono. Amenipa nilipige pasi. Miguu inaniuma tangu asubuhi. "Yalla, anza, lakini polepole," amesema, akaondoka. Pasi ilipogusa pamba yenye unyevu, harufu ikanirudisha nyumbani.

Nilikuwa mdogo. Mama alikuwa ameketi sakafuni na gauni lake la harusi mapajani. Maua meupe ya kifuani aliyadarizi mwenyewe kabla ya kuolewa. Akalikata pale kwenye maua, akashona kigauni, akakinyoosha kwa pasi ya makaa.

"Ni cha mtoto?" nikamuuliza. Mdogo wangu alikuwa amezaliwa wiki ile, na tangu alfajiri majirani walikuwa wakiingia kwetu kimyakimya.

"Ni chake."

"Atakivaa kanisani?"

"Atakivaa leo tu," akasema, akanipa nimpelekee shangazi.

Kilikuwa bado na joto. Chumbani shangazi alikuwa akimwogesha mtoto, na mtoto hakulia wala hakufumbua macho hata maji yalipomgusa usoni. Tukamvika. Kifungo cha shingoni nilikifunga mimi.