Treni Ilikubali, Baba Mkwe Akakataa

Nilinyimwa mke kwa sababu nilitengeneza treni ya kuchezea, na ikakubali.

Soma tena kama hujaelewa. Ingekataa, ningepewa mke. Ilikubali, nikaonyeshwa mlango.

Wale wa kusema hizi ni stori za jaba, za watu waliotafuna miraa, kaeni kando kidogo. Mimi hata sigara sivuti.

Naitwa Oyaro. Mkisii, lakini nimezaliwa na kulelewa Ndanai, na kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia hapa Kericho mjini. Mimi si daktari wa meno. Daktari ndiye anayeng'oa na kupokea shukrani. Mimi nakaa chumba cha nyuma na nta na tupa, nikihakikisha meno ya juu na ya chini yanaumana bila mteja kuonekana kama anacheka kwa kulazimishwa.

Akello nilimpata kwa kazi hiyo hiyo. Alileta meno ya shangazi yake yaliyovunjikia kwenye mahindi choma. Nikayatengeneza polepole, makusudi, ili arudi kuuliza. Akarudi, na akarudi tena. Shangazi wa watu alikunywa uji kipindi hicho chote, na hadi leo hajui kwamba chanzo kilikuwa mapenzi.

Mwaka jana tukaona imetosha. Niende kwao Fort Ternan nijitambulishe.

"Kuna kitu lazima nikwambie kuhusu Baba," Akello akasema.

"Anakunywa?"

"Afadhali angekunywa."

Baba yake, Mzee Ojwang, alikuwa mtu wa reli maisha yake yote. Kazi yake ilikuwa kuunganisha mabehewa. Alipostaafu akaona hawezi kukaa bila treni, basi akajijengea yake sebuleni. Reli inazunguka meza nzima, injini ni saizi ya gunzi la mahindi, inatumia stima ya ukutani. Mabehewa aliyaokota moja moja kwenye marobota ya mitumba ya vichezeo vya watoto, leo Kericho, kesho Kisumu. Kila behewa lina baba yake. Kuna ya plastiki, kuna ya bati, na kuna ambayo Mzee alichonga mwenyewe kwa mbao.

Shida ni kwamba hayakuwa yanashikana.

Kila behewa lina kulabu ndogo mbele na nyuma ya kumshika mwenzake. Sasa ya huyu iko juu, ya yule iko chini. Treni ikiwa imesimama unaona yameshikana vizuri. Ikifika kwenye kona kulabu zinaachiana, injini inaenda zake na behewa moja, mengine yanabaki nyuma yakishangaa.

"Na ameitengeneza kwa muda gani?" nikauliza.

"Tangu astaafu."

Jamani, nilifurahi. Kuna watu huenda ukweni wakaulizwa shamba liko wapi. Mimi ninaulizwa kitu ambacho nakifanya kila siku, ila hiki hakina mate.

Nikamchukua binamu yangu Mageto awe msemaji wangu. Anajua kuongea na wazee, na pia ndiye alikuwa na koti. Kwenye begi nikaweka tupa, msasa, koleo ndogo na vifaa vingine vya kazi. Mageto akauliza kama naenda kuoa ama naenda kufanya operesheni.

Tukapokelewa vizuri. Mzee ni mrefu, kichwa kinakaribia kugusa mlango.

"Karibu, ora," akaniambia.

Ora kwa Kijaluo ni mkwe. Mtu akikuita hivyo kabla hujaketi, roho inatulia kabisa. Mama Akello alinisalimia kutoka mlango wa jikoni na mimi nikainamisha macho, maana nilikuwa nimeonywa kwamba huko mkwe na mama mkwe hawazoeani ovyo.

Tukala samaki. Nikasubiri maswali ya ukoo. Mzee akanawa mikono, akanishika mkono na kunivuta mezani.

"Ona hii, ora. Hii imekaa juu. Hii imekaa chini. Nimesumbuka. Mimi sina raha kabisa."

Alisema hana raha huku macho yanang'aa. Hapo ndipo ningeshtuka, lakini wapi.

Akanieleza ugonjwa wa kila behewa, mmoja mmoja. Hili alilitia njiti za kiberiti chini. Lile alilitia kipande cha tyubu ya baiskeli. Kila mgeni aliyewahi kuingia nyumba ile alishatoa maoni, na kila mgeni aliambiwa hajui kitu. Hata pasta wao alishaliombea lile behewa la kubebea mafuta.

Mimi macho yangu yalikuwa chini ya reli. Reli ilikuwa imelazwa juu ya kitambaa cha kufumwa kwa sindano, kile kizito cha maua ambacho mama zetu wanavalisha kila kiti. Behewa la bati linazama kwenye maua, la plastiki linabaki juu. Huwezi kupima urefu wa kulabu juu ya kitu laini hivyo. Ni kama kupimia mtu meno akiwa anatafuna.

"Mzee, tutoe hiki kitambaa kidogo?"

"Aah, hapana. Mama Akello hawezi kubali. Hiyo ni kitambaa yake. Wachana nayo."

Muda si muda jirani akaita kwa nje. Ng'ombe wa Mzee ameingia kwenye miwa ya watu. Mzee akatoka mbio, Mageto akamfuata na koti lake, mimi nikabaki na treni. Mama akaja kuchukua vikombe.

Nikakodolea macho sakafu. "Mama, samahani. Kama hutakasirika, ningeomba kutoa kitambaa chako hapa mezani."

"Mimi nikasirike? Sijawahi kataa. Toa tu."

Alisimama kidogo na vikombe mkononi, kama mtu mwenye neno, kisha akaenda zake jikoni. Mimi nikaona hiyo ni baraka ya mama mkwe.

Basi nikavua meza nguo.

Nikachagua behewa moja lililokaa sawa na injini, nikakata kipande cha plastiki kulingana na kimo cha kulabu yake. Hicho ndicho kikawa kipimo. Kila behewa likapita mbele yake. Lililokuwa chini nililiinua kwa washa nyembamba juu ya magurudumu, vile vipete vya chuma vya kukaa chini ya nati. Lililokuwa juu nikalitoa njiti za Mzee na tyubu za Mzee, nikalipiga msasa tumboni likashuka. Kulabu zilizopinda nikazinyoosha kwa koleo. Akello alikuwa ananishikia taa ya simu, na ananiangalia kwa ile njia ambayo mwanamume hawezi kuisahau.

"Baba atalia," akasema.

Hakukosea sana.

Mzee akarudi na matope hadi magotini. Nikamwambia awashe. Treni ikaondoka. Ikaingia kona ya kwanza na mabehewa yote, ikatoka nayo yote. Ikapita mbele ya televisheni, ikazunguka, ikarudi. Ikazunguka tena.

"Hiyo sasa imeweza," Mageto akasema, akapiga makofi.

Mzee hakupiga. Aliinama akatazama kulabu moja baada ya nyingine, kama anatafuta kitu alichoangusha. Kisha akazima.

"Imekubali," akasema, kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba.

Mageto, ambaye hajui kusoma hewa, akaona ndiyo nafasi. Akasimama, akafunga vifungo vya koti, akaanza kueleza kilichotuleta. Mzee akamkata.

"Hayo maneno tutaangalia siku ingine. Nyinyi endeni kabla mvua inyeshe."

Nje kulikuwa na jua la kuanika mahindi.

Siku ingine haikufika. Nikipiga simu, Mzee hashiki. Nikituma salamu, hazirudi. Akello alipomuuliza, akajibiwa kwamba mimi ni mtu wa haraka na mtu wa haraka hapewi msichana.

"Tuoane tu, atazoea," nikamwambia Akello.

"Siwezi, Oyaro. Bila neno la Baba, mimi siendi. Kama huwezi kungoja, niambie sasa."

Iliniuma. Nitasema ukweli, nililia kule chumba cha nyuma, nikiwa nimeshika meno ya mtu. Mageto alinishauri niende Longisa, kuna wasichana wazuri ambao baba zao hawana treni. Nikamwambia akae na ushauri wake.

Kisha siku moja simu ikaita. Mama Akello. Mama mkwe hapigii mtu simu hivi hivi, nikajua kuna aliyekufa.

"Oyaro, nani alikwambia huyu mzee anataka treni itengenezwe?"

"Yeye mwenyewe, Mama. Alisema amesumbuka, hana raha."

"Ndiyo raha yake hiyo." Akashusha pumzi. "Wewe hukumuona vile alitoka kazi. Alikuwa anakaa kwa kiti anaangalia ukuta, asubuhi mpaka jioni. Hata kula nilikuwa namlazimisha. Nikajua mwaka hautaisha kabla sijazika. Sasa hayo mabehewa kukataa kushikana ndiyo ilimuamsha. Ana kazi. Watu wanakuja kumshauri, anagombana nao, anafurahi."

"Lakini Mama, kile kitambaa..."

"Ni yeye aliniambia nifume, na kizito. Alikuwa na reli kwa meza tupu, mabehewa yakaanza kushikana, akaogopa. Mimi nilikwambia toa nikidhani utashindwa kama wengine."

"Na sasa?"

"Sasa anaangalia ukuta."

Nilikaa chini. Mimi niliyejiona fundi wa mafundi nilikuwa nimemfuta mzee wa watu kazi mara ya pili, tena nikasubiri makofi.

Jumamosi iliyofuata niliingia sokoni, nikapekua marobota ya vitu vya watoto hadi wenye mali wakaanza kuniangalia vibaya. Nikapata behewa moja la ajabu. Kubwa kupita yote, kulabu za aina nyingine kabisa, gurudumu moja limeenda upande. Nikalipeleka kazini. Kwa utaalamu wangu wote na vifaa vya kliniki, nikaliharibu zaidi kidogo. Sijawahi kufanya kazi mbaya kwa uangalifu ule.

Tukarudi Fort Ternan, mimi na Mageto na koti. Mzee alikuwa kwenye kiti. Amekonda, na hakuinuka kutusalimia.

"Mzee, nimepata hii," nikasema, nikampa likiwa ndani ya gazeti. "Nimejaribu kila kitu. Imenishinda."

Akalifungua bila hamu. Akaligeuza. Akalileta karibu na jicho, akafumba lile lingine.

Akaipapasa kulabu kwa kidole gumba.

"Hii imekaa juu," akasema.

"Juu sana, Mzee."

"Na hii kulabu si ya hii upande. Nani alikuuzia hii takataka?"

Alikuwa ameshasimama. Akaenda mezani, akaliweka nyuma ya mengine, likalalia upande. Akaanza kutafuta miwani, akigombana na nyumba nzima kwamba vitu vyake vinahamishwa. Kutoka jikoni nilimsikia Mama Akello akicheka peke yake.

Mageto akakohoa, akafunga vifungo, akayafungua tena maneno yetu kutoka mwanzo. Mzee hata hakuinua kichwa.

"Leteni ng'ombe Disemba," akasema. "Lakini huyu ora asiguse kitu hapa."

Tukaoana. Treni haijakubali tena mpaka leo, na Mzee anaendelea vizuri.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu akikulilia shida yake, muulize kwanza kama anataka iishe, ama anataka tu mtu wa kukaa naye akiilia. Na kama wewe ni fundi hodari, ukienda ukweni acha begi nyumbani.