Meneja na Mama Aliyemnyonyesha

Mjukuu wangu alipoacha kucheza mpira wa kikapu wakamfanya meneja wa timu, mimi ndiye niliyeitangaza habari mtaa wetu mzima wa Wiyoni. Nilisema timu sasa ni yake, humtia amtakaye na kumtoa amtakaye. Sikujua nisemalo. Shule niliacha darasa la pili, na mpira huo niliujua kupitia kwake tu: alivyovuka maji akapanda basi Mokowe na kiatu kimoja kimefungwa kwa uzi, alivyolipwa miaka kumi na miwili kwa kuruka, mpaka goti likapasuliwa mara mbili hospitali, kocha akamwambia imetosha.

Jirani yangu aliyasikia majivuno yangu yote. Yeye ndiye aliyemnyonyesha mjukuu wangu miezi minne, pamoja na mtoto wake mwenyewe, wakati binti yangu alipokuwa amelazwa hospitali baada ya kujifungua. Kwetu hilo si dogo. Yule ni mama yake, na wanawe wote ni ndugu zake. Kitindamimba wa jirani alipokua akawa mrefu naye, mjukuu wangu alimwita bara akamtia katika timu yake.

Siku moja baada ya alasiri jirani akaja, ukili wa mkeka anaousuka mkononi, hata hakukaa.

"Mama, mwanangu amepewa barua, hatakiwi tena. Chini pana jina la mjukuu wako."

"Labda wamekosea."

"Basi mpigie. Si wewe usemaye timu ni yake?"

Nikapiga, nikafungua sauti ili naye asikie. Nilikuwa na hakika nitamaliza kwa maneno mawili.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ndugu yako umemfanya nini?"

"Bibi, hiyo ni kazi."

"Mimi nakuuliza la nyumbani."

"Amekuwa mzito. Wako vijana wanaomshinda, na nafasi ni moja. Nikimweka, wenzake watasema naweka watu wa kwetu."

"Na waseme."

"Wataniondoa na mimi. Bibi, hata mimi walinitoa hivi hivi, na wewe hukumpigia mtu."

"Sikuwa na wa kumpigia."

Mtu niliyemfunza kutembea, nikimwambia kaa anakaa, leo nambembeleza kama abembelezwavyo karani wa afisi.

"Mama anajua?" akauliza, akimkusudia jirani.

"Yuko hapa. Anakusikia."

Kisha akasema polepole, "Shikamoo, mama."

Jirani hakuitikia. Akaamkia tena. Nilimkanyaga mguu aitikie, kwa sababu shikamoo ya mtoto haiachwi ikining'inia hivyo. Akautoa mguu wake chini ya wangu, akakusanya ukili.

"Mwambie nimesikia," akaniambia, na simu iko wazi katikati yetu.

Nikamwambia. Nilifanya nini kingine?

Tunasalimiana mimi na yeye, na sukari ikimwishia huja kuomba. Habari za mjukuu wangu haulizi, nami sizianzi. Kijana wake amerudi, analala mpaka adhuhuri.

Juzi mjukuu wangu alinipigia kuniuliza, aje Idi au asije. Kila mwaka hushuka jetini akaenda kumwamkia yule mama kwanza, ndipo aje kwangu. Nikamwambia nitampigia kesho yake; mpaka leo sijampigia.