Nyumba ya Mama Aliyeoa

Mtu akiingia ofisi yetu akipiga kelele, simwogopi. Ninayemwogopa ni yule anayeingia polepole, anavua kofia mlangoni, anakaa kwenye ncha ya kiti na kusema amekuja kwa sababu anawaonea huruma watoto wa wenyewe. Nimekuwa afisa wa watoto hapa Kericho kwa muda wa kutosha kujua kwamba huruma ya aina hiyo mara nyingi ina shamba nyuma yake.

Huyu wa safari hii alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa miaka hamsini na kitu, koti safi, sauti ya kuombea wagonjwa.

"Madam, kuna watoto watatu pale kwetu juu ya Kapsoit. Hawana baba. Mama yao anawachumisha chai. Nimeomba sana juu ya hii maneno, nikaona ni kazi ya serikali."

Bosi wangu, ambaye alikuwa amehamishiwa kwetu karibuni kutoka mkoa wa kati, alimwagizia chai na mandazi. Akaniambia tungekuwa na wananchi kama huyu kila kijiji, kazi yetu ingekuwa rahisi. Kesho yake tukapanda gari la ofisi kwenda kuwaona hao watoto.

Tulikuta nyumba ya mabati iliyofagiliwa vizuri, chai imepandwa hadi karibu na mlango wa jikoni, na ng'ombe mmoja wa maziwa aliyeshiba. Msichana wa darasa la sita alitutolea viti bila kuambiwa. Kaka yake alikuwa anakata nyasi za ng'ombe. Mdogo wao, wa chekechea, alikuja moja kwa moja akanikalia magotini na kuanza kuvuta kitambulisho changu shingoni. Ndiyo, Jumamosi walikuwa wanamsaidia mama yao kuchuma chai. Hata mimi nilichuma, na bosi wangu, kama alikulia shambani, alichuma kitu fulani pia. Watoto wale hawakuwa na shida yoyote duniani isipokuwa jirani.

Bosi akamuuliza mama yao, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo aliyekuwa bado amevaa gambuti, baba wa watoto yuko wapi.

"Alikufa mwaka huu," alisema, akaonyesha kaburi bichi kando ya msipresi. "Ni huyo mama."

"Mama gani? Mimi nimeuliza baba."

Yule mwanamke akatazama chini. Mimi nilielewa papo hapo, kwa sababu mimi ni Mkipsigis na nyanya yangu alikuwa na jirani wa namna hiyo. Kwetu, mama aliyefika uzeeni bila mtoto wa kiume anaweza kuoa. Si mambo ya chumbani. Anatoa ng'ombe za mahari, anaalika wazee, bibi harusi analetwa, na kuanzia siku hiyo yule mama anahesabiwa kuwa ndiye mume katika nyumba ile. Watoto watakaozaliwa ni wake na watairithi nyumba yake. Mwanamume aliyesaidia kuwaleta duniani hana neno, na kuuliza habari zake ni kukosa adabu.

Nikamuuliza yule mwanamke, kwa Kikipsigis, mzee wa kanisa aliyetuleta hapa ni nani kwao. Ndipo nikajua. Marehemu alikuwa mke wa pili wa mzee aliyekufa zamani, na mzee wetu wa kanisa ni mtoto wa mke wa kwanza. Kama nyumba ya mke wa pili haina warithi, chai yote inahamia kwake. Alipotuambia watoto hawana baba, alikuwa anatuma serikali ikamfagilie njia. Damu ilinipanda mpaka masikio yakawa moto.

Tulipokuwa tunateremka kwa gari nilimweleza bosi. Alinisikiliza, kisha akasema, "Kwa hivyo ni kweli hawana baba."

"Wana baba. Umeonyeshwa kaburi."

"Madam, usiniletee mila. Hapa kuna ugomvi wa shamba na watoto wako katikati. Tuwapeleke kituo cha watoto kwa muda, wakubwa wakimalizana watarudi."

Kwa muda! Hakuna maneno ninayoyachukia katika kazi hii kama hayo mawili. Nimewaona watoto walioingia vituoni kwa muda wakatoka na ndevu. Nilimwambia mahakama za nchi hii zimeshaitambua ndoa hiyo, yeye asiyeitambua ni nani? Nilisema na mengine ambayo mtu hamwambii bosi wake. Dereva aliongeza sauti ya redio. Mwishowe bosi akanipa hadi Ijumaa, nimletee neno la wazee na la chifu, la sivyo gari linaenda kuchukua watoto.

Nilirudi kwa yule mama peke yangu siku iliyofuata. Nikamuuliza kwa nini hakusema wazi mbele ya bosi.

"Hii kitu inachekwa siku hizi, madam. Kanisani wanasema sisi ni wapagani. Na huyo mzee wa kanisa amesema nirudi kwetu Chepilat niwache watoto wapelekwe kwa home."

"Na ng'ombe za mahari, nani alizipeleka kwenu Chepilat?"

Alicheka, cheko la mtu aliyechoka. "Si ni huyo huyo mzee."

Siku ya Ijumaa, wazee watano walikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya naibu wa chifu. Bosi alikuwepo na faili lake. Mzee wa kanisa alisimama, akafungua kwa maombi, akasema alimpenda sana mama yake mdogo, lakini mwanamke kuoa mwanamke si ndoa mbele za Mungu, na yeye ameokoka. Hao watoto, alisema, wamezaliwa njiani. Serikali iwatunze.

Nikawatazama wale wazee. Kila mmoja alikuwa anatazama viatu vyake. Watu waliokula nyama ya harusi ile, wakanywa, wakabariki, wakarudi nyumbani wakiwa wamebebwa, sasa hawakumbuki! Na sababu ilikuwa imeegeshwa pale pale kando ya barabara: mzee wa kanisa ndiye mwenye pikapu peke yake katika kijiji kile, na mtu akiugua usiku ndiye anayempeleka hospitali. Niliielewa hofu yao, lakini hasira haikupungua hata kidogo.

Nilisimama bila kupewa nafasi. Nikamuuliza mzee wa kanisa kwa Kikipsigis, polepole ili kila mtu asikie, "Ng'ombe za mahari zilifikishwa Chepilat na nani?"

Akasema hayo ni mambo ya giza, ya kabla ya wokovu.

"Sikuuliza juu ya giza. Nimeuliza nani alishika fimbo."

Bosi akaninong'oneza nipunguze hasira. Nikamwambia kwa sauti kwamba sipunguzi. Nikamgeukia mzee wa mwisho kwenye benchi, nikamwita baba, nikamuuliza kama mtoto aliyezaliwa baada ya ng'ombe kuliwa anaweza kuitwa wa njiani. Alikohoa. Akasogeza mkongojo wake. Nilidhani naye ameamua kufa na pikapu.

"Ni yeye alikuwa mbele," alisema hatimaye, akimwonyesha mzee wa kanisa kwa kidevu. "Mimi nilikuwa nyuma, nafukuza ndama. Hao watoto ni wa ile nyumba. Wataenda wapi tena?"

Mmoja aliposema, wengine wote wakapata kumbukumbu. Wa pili alikumbuka rangi ya fahali. Wa tatu alikumbuka mvua ya siku ile. Ningecheka kama nisingekuwa na hasira. Naibu wa chifu akaandika kwamba watoto wanabaki kwao pamoja na mama yao na chai yao, na asiyeridhika aende mahakamani. Bosi alifunga faili, akasema amefurahi kuona jamii ikishirikiana. Mzee wa kanisa alinipa mkono. Niliuacha pale hewani.

Nilitaka kuwapa watoto habari mimi mwenyewe. Nikamwomba dereva anipeleke, na mama yao akapanda nasi. Njia nzima alikuwa anajifuta machozi kwa leso na kunishukuru hadi nikaona haya.

Uani hapakuwa na mtu. Jikoni moto ulikuwa unawaka na sufuria ya githeri inachemka. Mama yao aliita. Akaita tena, kila mmoja kwa jina lake, akasema mambo yameisha, hakuna anayeenda mahali. Shamba la chai lilikuwa kimya, ila pale chini, karibu na kijito, majani yalitikisika na hapakuwa na upepo.

"Niliwaambia wakiona gari ya serikali wakimbie," alisema bila kuniangalia. "Nilikuwa naogopa."

Nikasogea hadi mwanzo wa mistari ya chai, nikaita mimi pia. Nilisema ni mimi, yule wa juzi. Nilisema hawachukuliwi. Sauti yangu bado ilikuwa na ukali wa barazani, na niliposikia mtoto mdogo akianza kulia huko ndani, kisha kilio kikazibwa ghafla kwa kiganja cha mtu, nikanyamaza.

Mama yao alinigusa mkono. "Usikasirike, madam. Wewe enda tu kwanza. Ukienda watatoka."

Nikapanda gari, nikamwambia dereva aondoke haraka.