Ofisi Sebuleni kwa Mama

Mama alipopata kiharusi, mkono wake wa kulia ulilegea na maneno yakampotea. Mimi ndiye mwanawe wa pekee. Nilikuwa nimepanga chumba Amalemba, mjini Kakamega, nikifanya kazi katika kampuni ya mbegu: wakulima wakipiga simu na maswali yao, mimi ndiye ninayewajibu. Mama alikuwa nyumbani kwetu, nje kidogo ya Mumias.

Niliingia kwa mkubwa wangu kuaga, niache kazi nikamuuguze. Mkubwa yule alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwenu mtandao unashika?"

"Unashika, madam."

"Basi nenda na kompyuta. Mimi nataka wakulima wajibiwe. Umekaa wapi ukiwajibu, hilo ni lako. Saa pia panga mwenyewe, mradi nijue unapatikana lini."

Nilitoka pale nikapita bodaboda zote, natembea tu, machozi yananitoka.

Nikahamia sebuleni kwa mama. Asubuhi shangazi alikuja kumwogesha, nami nikapika uji, nikamnyoosha vidole kama tulivyofundishwa hospitalini. Jua likishapanda ndipo nilianza kupokea simu. Mama akilala, naendelea. Akiamka, nasimama kidogo. Jioni nafidia.

Majirani waliniona nashinda nyumbani, wakanihurumia. Jumapili moja nikaitwa mbele kanisani niombewe nipate kazi. Nilijaribu kueleza. "Usione haya, kijana wetu," mchungaji akasema, na mkono tayari umetua kichwani pangu. Nikainama, nikaombewa.

Kisha siku moja mkulima wa Lugari alipiga amewaka. Mahindi yake yamekauka. Alitukana mbegu, akatukana kampuni, akamalizia na mimi. Nikaanza kumweleza habari za mvua kuchelewa. Nyuma yangu nikasikia sauti nzito, ya kukwaruza:

"Mwambie pole."

Nikageuka. Mama alikuwa ananikazia macho, jasho limemtoka kwa ile kazi ya kusema. "Pole," akarudia.

"Pole sana, mzee," nikasema kwenye simu, sauti inatetemeka.

Mkulima akaacha matusi. Halafu akauliza, "Kijana, wewe ni mgonjwa?"

Nikamwambia ni mama, ndiyo kwanza amesema tangu augue.

"Sasa simu ya nini? Kaa na mama yako. Mimi nitapiga kesho."

Ningekuwa mjini, neno lile ningesimuliwa tu.

Leo mama anatembea na mkongojo, na anaongea mpaka shangazi anamwomba apumue. Mkubwa wangu alipokuja kumwona, mama aliamuru jogoo achinjwe. Firigisi kwetu ni ya mwanamume mwenye boma. Wanawake wa rika la mama hawakuwa wanaionja. Aliichukua mwenyewe kwa mkono wa kushoto, polepole, akaiweka kwenye sahani ya mgeni.

Mgeni akanitazama kama anayeomba ruhusa.

"Kula, madam," nikamwambia. "Mama ameshaamua."