Sauti ya Marehemu Katika Simu Kumi na Saba

Saa mbili asubuhi, fundi anafungua kibanda chake, anapangusa vumbi kwenye kompyuta, kisha anafanya jambo ambalo hakuna fundi wa milio ya simu anayependa kulifanya. Anampigia mteja kumwomba arudi ili afutiwe kazi aliyofanyiwa.

"Kaka, ule mlio niliokuwekea, naomba upite niutoe. Nitakuwekea mwingine bure. Hapana, hauna virusi. Una mwenyewe."

Anakata simu na kupiga mstari kwenye orodha yake. Kati ya simu kumi na saba, imebaki moja.

Mtaani wanamwita Fundi Mlio. Huu ni mwaka wa tisa anakata nyimbo. Ukimpelekea wimbo wako, anausikiliza wote, anatafuta pale panapokugusa, anakata sekunde thelathini na kupandisha sauti ili isikike hata ndani ya mkoba.

"Mlio hauanzi na ngoma," anasema. "Unaanza pale mtu anapofungua mdomo. Ukisubiri ngoma, aliyepiga keshakata."

Miezi miwili iliyopita alimjia mshonaji mmoja, mjane wa makamo, ameshika memori ndogo kwa ncha za vidole. Ndani yake mlikuwa na wimbo mmoja tu. Mumewe, aliyekuwa seremala, alimtungia na kujirekodi karakanani kwake, randa ikisikika kwa mbali. Mjane alitaka sauti hiyo imwite kila binti yao anapopiga.

Fundi aliikata kwa ustadi. Kisha mazoea yakamponza. Kila mlio anaoutengeneza huuweka kwenye folda ambayo wateja husikiliza na kuchagua, na huu nao akautupia humo humo, bila kufikiri. Watu wakaupenda kupita kiasi, wakaomba wawekewe kwenye simu zao.

"Nilichukua bila kuomba," anasema, macho kwenye kibodi. "Hilo lina jina lake, na si jina zuri."

Mjane aliusikia akiwa kwenye foleni ya hospitali. "Nikafungua mkoba haraka," ananisimulia. "Simu yangu imenyamaza. Kumbe sauti inatoka mfukoni mwa mwanamume nisiyemjua. Mume wangu ananiita mimi, anaitika yeye: haloo, nani mwenzangu?"

Alikwenda moja kwa moja kibandani. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwanangu, nilikupa uikate. Sikukupa uigawe."

"Bora angenitukana," anasema fundi. "Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wateja wamejaa, na mimi sina pa kuuweka uso."

Tangu siku hiyo anasaka simu moja baada ya nyingine. Wengine walimcheka, mmoja akamfukuza mara mbili. Yote hayo ameyavumilia. Ila ninapomuuliza ya kumi na saba ni ya nani, anakohoa, anapanga bisibisi ambazo zimeshapangika.

"Ni yangu," anajibu mkewe, aliyeingia na chupa ya chai. Fundi alimwekea mlio huo kama zawadi, ulie kila anapompigia.

"Nilikuwa nauacha uite mpaka karibu ukatike ndipo napokea," anasema mke. "Miaka kumi na miwili ya ndoa, huyu hajaniimbia hata mstari mmoja. Basi nikajifanya ni yeye."

Anaiweka simu mezani. "Futa. Ya mwenzangu hiyo."

Fundi anafuta. Mikono iliyozoea kazi hiyo inakosea mara mbili. Ananiambia kuwa aibu ya kwa mjane aliijua ukubwa wake, lakini hii ya nyumbani hakujua hata kama ipo.

"Na sasa ukinipigia, ilie nini?" mkewe anauliza.

Fundi anamrudishia simu yake.

"Jumamosi nakwenda kwa yule mama nimwambie zimekwisha zote. Nikitoka kwake na uso wa kutazamika, mke wangu, nitajaribu kuimba."