Tairi za pikipiki ya marehemu

Leo mkamwana wangu ameniaibisha mbele ya muuza tairi.

Namshukuru.

Tunaiuza pikipiki ya mbio ya marehemu mwanangu, aliyeteleza nayo mvuani njia ya Muheza, tairi zikiwa vipara. Eda ya mkewe imekwisha, na yatima wanataka kula.

Muuzaji akatutolea tairi kuukuu zilizochongwa mistari upya. "Mzee, za kuuzia hizi zatosha. Mnunuzi hatajua."

Nikaitikia. Tangu nihame Pemba nimezoea kubana matumizi.

"Baba," akasema mkamwana taratibu, "kwani huyo mnunuzi hana mke?"

Nikamrudishia muuzaji zile kuukuu.

Tukachukua mpya, zinazoshika lami yenye maji. Ndizo ambazo zingemfaa mwanangu.

Muombeeni dua. Na tairi zenu, tafadhali, mziangalie.